Bispo do Rosário na Joho la Uzi Uliofumuliwa

Kurasa hizi zimekwisha kueleza maisha ya washairi, ya watunga kamusi na ya mapadri walioandika sarufi. Mtu wangu wa safari hii hakuandika kitabu hata kimoja, na lugha yake ilikuwa Kireno. Sehemu kubwa ya nusu karne aliishi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Rio de Janeiro, akifumua sare za wagonjwa na kutumia uzi wake kutarizi mavazi, bendera na maelfu ya maneno. Ninaamini anatuhusu sisi tunaosoma lugha kuliko baadhi ya waliokwisha kusifiwa hapa, na nitajaribu kueleza sababu bila kumgeuza mtakatifu.

Aliitwa Arthur Bispo do Rosário. Kwa Kireno bispo ni askofu na rosário ni rozari, kwa hiyo jina lake linasomeka kama cheo cha kanisa: Arthur, Askofu wa Rozari. Hakujipachika jina hilo. Ndilo alilorithi kwa baba yake. Alizaliwa Japaratuba, mji mdogo wa jimbo la Sergipe, kaskazini-mashariki mwa Brazili. Hati za waliomwajiri hazipatani: nyingine zinataja 1909, nyingine 1911. Utumwa ulifutwa Brazili tarehe 13 Mei 1888, kizazi kimoja tu kabla yake, na watu wake walikuwa weusi waliotoka katika utumwa huo, kwenye nchi ya mashamba ya miwa.

Japaratuba ina sifa ya sherehe na ya sindano. Wanawake wa huko wanatarizi, na katika michezo ya sikukuu watu huvaa mavazi yenye utepe na shanga, wakawa wafalme na mabaharia kwa siku moja. Katika sehemu nyingi za Brazili vyama vya waumini weusi vya Bikira Maria wa Rozari vilikuwa vikimvika taji mfalme na malkia wa Kongo kila mwaka. Hapa niwatahadharishe wenzangu wanaopenda kudai kila chenye jina la Kongo: huo ni ufalme wa Wakongo wa mdomo wa mto, mbali kabisa na milima yetu ya Butembo. Hata hivyo si jambo dogo kwamba mtoto wa watu waliokuwa watumwa alikua akiona kuwa nguo inaweza kumpandisha mtu cheo mbele ya umati, na kwamba cheo hicho kinaanza pale joho linapowekwa mabegani.

Mwaka 1925, akiwa bado kijana mdogo, alijiunga na jeshi la majini. Alikaa humo hadi 1933. Alikuwa mpiga ishara, yaani mtu wa bendera, na pia mpiga ngumi mwenye sifa. Kazi ya mpiga ishara ni kazi ya lugha kamili: kila bendera ina thamani yake, mpangilio wa bendera ni sentensi, na anayekosea mpangilio anaweza kuipeleka meli mwambani. Melini ndimo mabaharia walimofunzana pia mafundo ya kamba, kushona matanga na kutarizi. Wanaoshangaa mwanamume mpiga ngumi alijifunza wapi kushika sindano, jibu ni hilo.

Kuna baharia mwingine wa kumtaja hapa, maana simulizi la Bispo bila yeye linaonekana la mtu mmoja wa ajabu. Mwaka 1910 mabaharia wa Brazili, wengi wao weusi, waliasi kwa sababu walikuwa bado wakichapwa viboko zaidi ya miaka 20 baada ya utumwa kufutwa. Kiongozi wao alikuwa João Cândido. Alifungwa, na gerezani alitarizi vitambaa viwili ambavyo vimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya São João del-Rei. Mwaka 1911 wakubwa walimtoa gerezani wakampeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Praia Vermelha, Rio. Miaka 27 baadaye Bispo alipitishwa mlango ule ule.

Jeshi lilimfukuza kwa utovu wa nidhamu. Akapata kazi katika Light, kampuni ya umeme na tramu ya Rio, akiosha magari na kuziba matairi. Mwaka 1936 mguu wake ulipondwa na basi, na mwaka uliofuata kampuni ikamfukuza. Alikwenda kwa wakili, kesi ikafunguliwa, na kutokana na kesi hiyo akaingia katika nyumba ya ukoo wa wakili huyo, ukoo wa Leone, mtaa wa Botafogo, akawa mtumishi wa nyumbani. Alipewa chumba uani. Sehemu hii naipita haraka, ila nakumbusha tu kwamba mpaka hapa ni maisha ya mfanyakazi yeyote maskini wa mji mkubwa: jeshi, karakana, ajali, kesi, utumishi.

Usiku wa tarehe 22 Desemba 1938, katika chumba hicho, aliona Kristo akimjia pamoja na malaika saba. Akatoka. Kwa siku mbili alizunguka Rio kwa miguu, kanisa hadi kanisa, mpaka akafika kwa watawa wa São Bento na kuwatangazia kwamba ametumwa kuwahukumu wazima na wafu. Siku ya mkesha wa Noeli alikamatwa, akapelekwa Praia Vermelha, na madaktari wakaandika kwamba ana skizofrenia. Mapema 1939 akahamishiwa Colônia Juliano Moreira, katika viunga vya Jacarepaguá. Akapewa namba 01662.

Kiswahili kina neno wazimu, nalo liko karibu sana na mzimu. Babu zetu walioliunda waliona kwamba mwenye wazimu ana mgeni ndani yake. Sisemi walikuwa madaktari bora. Nasema neno lao liliacha nafasi ya kuuliza mgeni huyo anasema nini. Fomu ya hospitali haikuwa na mstari wa swali hilo.

Mahali pale palikuwa shamba la miwa kabla ya kuwa hospitali. Wenye hospitali waliipa jina la Juliano Moreira, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Bahia, mtu mweusi aliyezaliwa na mama maskini, aliyeishi 1872 hadi 1933 na kupinga hadharani nadharia zilizosema mchanganyiko wa damu unaleta uchaa. Msomaji anaweza kuona jinsi mambo yalivyokaa: uzao wa watumwa ulifungiwa kwenye shamba la zamani la watumwa, chini ya jina la mtu mweusi ambaye angeweza kumwelewa. Wagonjwa walifika maelfu. Wengi walilala chini, wengi hawakutembelewa na mtu. Kiswahili kilichukua neno gereza kutoka Kireno igreja, maana yake kanisa. Yamkini waliona ngome ya Wareno kule Mombasa, yenye kanisa ndani yake, ikigeuka mahali pa kufungia watu. Katika semina yetu ya etimolojia mfano huu huwachekesha watu. Kwa Bispo haukuwa mzaha. Chumba alichofungiwa ndicho alichokifanya kanisa lake.

Hakukaa humo mfululizo. Kati ya miaka ya 1940 na 1964 alitoka na kurudi mara kadhaa, akafanya kazi tena kwa ukoo wa Leone na katika zahanati ya watoto ya Botafogo, ambako alilala darini na kutengeneza meli ndogo na vitu vingine vya mikono. Kuanzia 1964 hakutoka tena kwa kuhama. Wodini alikuwa na nguvu zake za ngumi na sauti ya jeshi, kwa hiyo wauguzi walimtumia kutuliza ghasia, wakamwona kama mkuu wa wodi. Kwa cheo hicho kisicho na mshahara alijipatia kitu cha thamani: vyumba vya kujifungia. Zilikuwa seli za wagonjwa wakorofi. Yeye aliziomba, akazijaza. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 sauti zilimwamuru ajifungie kabisa, akae miaka saba bila kutoka, na autengeneze upya ulimwengu wote kwa mfano mdogo ili aukabidhi kwa Mungu siku ya mwisho.

Atautengeneza kwa kitu gani? Hakuwa na fedha, hakuwa na duka. Alikuwa na sare. Wagonjwa wa Colônia walivaa nguo za buluu, na Bispo alizichukua zilizochakaa akazifumua uzi kwa uzi, akauzungusha uzi huo tayari kwa sindano. Wanafunzi wa mofolojia mtanisamehe nikisimama hapa kidogo. Fuma na fumua, shona na shonoa, kunja na kunjua: kauli ya kutendua tunaifundishwa mwaka wa kwanza kama kinyume cha tendo, kana kwamba fumua inarudisha mambo yalipokuwa. Nendeni soko la Butembo mkaone. Mji wetu una baridi, na kina mama wanaofungua balo za mitumba hutenga masweta yaliyotoboka ambayo hakuna atakayeyanunua. Wengine huyanunua kwa rundo, huyafumua usiku, na baada ya wiki uzi ule ule umekuwa kofia za watoto wachanga na soksi. Uzi haurudi ulikotoka. Anayefumua hana pamba wala kondoo; ana kitu kilichokwisha kuwa kitu, na ndani yake anaona akiba. Sarufi zetu zingefaidika kumsikiliza mama huyo.

Bispo alifumua sare, na sare ndiyo iliyomfanya namba. Sitaki kuliongezea jambo hili falsafa kuliko linavyobeba, kwa kuwa alichukua uzi wa buluu kwanza kwa sababu ndio uliokuwapo. Ila matokeo ni matokeo: rangi iliyowafanya maelfu ya watu wafanane ilitumiwa kuandika majina yao mbalimbali.

Kazi alizoacha ni zaidi ya 800. Kuna vitu vya kawaida, nyundo, mkasi, gurudumu, kipimo cha urefu, vilivyofungwa kwa uzi wa buluu mpaka havionekani, na juu ya kila kimoja limetariziwa jina lake. Watu wa makumbusho huviita ORFA, kifupi cha maneno ya Kireno yenye maana ya vitu vilivyofunikwa kwa uzi wa buluu. Mtu wa semantiki hawezi kupita hapa bila kusimama: kitu kimefichwa, na jina limebaki kuwa njia pekee ya kukijua. Kuna mbao alizopangia vikombe vya bati vya wodini, vijiko, vifungo, viatu vya turubai na sapatu za mpira. Sapatu, kwa njia, ni Kireno pia, sawa na bendera, meza na leso. Kuna meli nyingi, maana baharia haachi kuwa baharia. Kuna mikanda ya begani kama ile ya mashindano ya warembo, kila mmoja kwa nchi yake, imetariziwa jina la nchi na habari zake, kwa sababu mataifa yote yalipaswa kufika mbele ya Mungu yakiwa yamevaa rasmi. Alikuwa akisoma habari katika magazeti na majarida yaliyomfikia, na humo ndimo alimopata mataifa.

Bendera zake ni shuka za hospitali. Juu yake alitarizi ramani, meli, majengo, na orodha ndefu za watu: mabaharia wenzake, wafanyakazi, watu wa mitaa aliyoishi, mara nyingi pamoja na kazi au cheo cha kila mtu. Tahajia yake ni ya mtu aliyesoma kidogo, na mahali pengine neno linakatika kwa sababu shuka imefika ukingoni, likaendelea chini kama kawaida ya mwandiko wa mkono. Alitarizi pia kwamba alihitaji maneno yaandikwe. Hiyo ndiyo kauli yake iliyo karibu zaidi na nadharia ya uandishi, na ipo kwenye kitambaa.

Sasa joho. Linajulikana kwa jina la Joho la Kujionyesha, yaani la kujionyesha mbele ya Mungu, na alilifanyia kazi kwa miaka mingi. Msingi wake ni blanketi la rangi ya udongo. Nje limejaa kamba za rangi zilizoshonwa juu, matamvua mabegani kama ya afisa wa majini, na michoro ya uzi ya vitu vyote vya duniani: namba, mishale, meza ya mchezo, gurudumu, vyombo, meli. Ukilitazama mbali unaona mfalme wa sherehe za Japaratuba. Ukilisogelea unaona kamusi ya picha. Picha zipo za Bispo akilivaa, mtu mwembamba, amesimama wima kama kwenye gwaride. Alishona pia makoti ya kijeshi ya heshima, yenye nishani za uzi. Lakini bitana ya joho ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ndani, kuanzia shingoni na kuzunguka kuelekea chini, alitarizi majina ya watu, mengi ya wanawake, ambao alikusudia kuwaombea nafasi mbinguni. Joho likivaliwa hayaonekani. Yanagusa shingo na mgongo wa mvaaji.

Tunajua nguo zenye maandishi. Kikwembe cha siku ya wanawake kina maandishi, na kanga ya pwani ina jina lake linalosomwa na jirani, hasa jirani mwenye ugomvi. Kanga yenyewe inasimuliwa kuwa ilianza pale wanawake wa Zanzibar na Mombasa waliponunua leso za Kireno zikiwa bado hazijakatwa, wakaunganisha vipande kwa kushona mpaka vikatosha kuvaliwa. Kwa hiyo sisi na Bispo tuna mzizi mmoja wa vazi lililounganishwa kutokana na kitu kilichotengenezwa kwa kazi nyingine. Tofauti ni msomaji. Kanga inaongea na mtu wa nje. Bitana ya Bispo ilikuwa na msomaji mmoja tu, na hakuwa wa hapa duniani. Katika masomo ya pragmatiki tunafundishwa kutafuta kwanza anayeambiwa. Tukifanya hivyo kwa uaminifu, lazima tukubali kwamba sisi tunaosoma bitana hiyo leo tunadukiza.

Na kwa nini majina? Wenzangu Wanande hawahitaji kuelezwa tabu ya majina. Kambale, Kasereka, Masika, Kavira: majina yetu mengi yanaeleza mtoto alizaliwa wa ngapi, kwa hiyo darasa moja lina Kambale wanne. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kurudiarudia katika eneo la Beni, orodha za waliouawa zimesomwa makanisani, redioni na kwenye simu zetu, na mara nyingi tumesikia Kambale baada ya Kambale. Mtu wa Oicha akisikia jina tu hajui bado kama ni ndugu yake. Anauliza: Kambale wa nani, wa wapi, alikuwa akifanya kazi gani? Nilipoona bendera za Bispo, ambazo jina linafuatiwa na kazi ya mtu na mahali pake, nilitambua maswali hayo hayo. Mtu huyu aliyesemwa amepoteza akili alijua vizuri kwamba jina peke yake halitoshi kumtambulisha mtu mbele ya anayeandika hesabu.

Alikuwa pia mgumu. Aliyetaka kuingia chumbani mwake alipaswa kwanza kumwambia anaona rangi gani inayomzunguka yeye, Bispo. Asiyejibu alibaki nje, hata akiwa daktari. Niko tayari kumsifu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote: ndani ya jengo ambalo kila mlango ulifunguliwa na wengine, alitengeneza mlango mmoja wenye mtihani wake. Mapema miaka ya 1980 mwanafunzi wa saikolojia aliyekuja kwa mafunzo ya kazi alipita mtihani huo na kuzoeana naye sana, na jina lake likaingia katika kazi zake.

Ulimwengu wa nje ulimfikia mwaka 1980, pale televisheni ya Brazili ilipoingiza kamera katika Colônia kuonyesha hali mbaya ya wagonjwa. Nchi iliona watu uchi na uchafu, na katikati yake vyumba vya Bispo. Mwaka 1982 Hugo Denizart alitengeneza filamu juu yake, na mhakiki Frederico Morais akachukua bendera zake kadhaa kwa maonyesho ya makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Rio. Walitaka nyingine zaidi. Bispo alikataa. Hakujiita msanii, kazi zake hazikuwa za kuuzwa wala za kutazamwa, na kuzitenganisha kungeharibu hesabu ya ulimwengu aliyoagizwa kuikamilisha. Wahakiki waliendelea kulinganisha gurudumu lake na gurudumu la baiskeli la Marcel Duchamp la mwaka 1913. Ulinganisho huo unafaa kwa mtihani wa historia ya sanaa, ila Duchamp alikuwa akiwatania wenye makumbusho, na Bispo hakuwa akimtania mtu.

Siku hizi wabunifu wa mavazi wanaotumia taka wanazidi. Kinshasa kuna wasanii wa KinAct wanaotembea barabarani wakiwa wamevaa nyaya, chupa na vyuma, na watu hukimbia au hucheka, kisha huuliza taka hizi zimetoka wapi. Wengine duniani humtaja Bispo kama mzee wa njia hiyo. Nakubali, kwa sharti moja: wao wana hadhira waliyoichagua.

Bispo alikufa katika Colônia tarehe 5 Julai 1989. Alizikwa bila joho.

Jambo hili nimebishana nalo na wenzangu wa idara jioni nyingi. Wapo wanaosema ilikuwa lazima libaki, maana ni urithi wa Brazili na wa wagonjwa wote waliosahauliwa, na kwamba likiwa kaburini lingeoza ndani ya miaka michache. Wanasema pia, na kwa haki, kwamba umaarufu wake ulisaidia watu kutazama upya hospitali za aina ile. Mwaka 2001 Brazili ilipata sheria ya kulinda haki za wagonjwa wa akili na kupunguza kuwafungia. Mimi ninatoka mji uliopitia Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kufungwa tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2.287, wengi wao wa Beni, Butembo na maeneo ya jirani. Mama mmoja wa mtaa wetu alikuwa na kikwembe alichokiweka sandukuni kwa ajili ya siku ya kuzikwa kwake. Watoto wake wote walikijua. Alizikwa ndani ya mfuko, na watu waliovaa kofia na miwani. Sababu ilikuwa ya kweli, kwa kuwa maiti iliambukiza, na hakuna mwenye akili anayelaumu. Kikwembe kilibaki. Binti yake hakukivaa, hakukiuza, hakujua akifanye nini. Kwa upande wa Bispo hakukuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Alikuwa amesema kwa miaka vazi lile ni la safari gani. Nikilazimishwa kuchagua, ningemzika nalo, ingawa najua kwamba nisingeandika makala haya.

Waliobaki walichagua vingine. Kazi zake zikatunzwa papo hapo Jacarepaguá, katika makumbusho ambayo sasa yanaitwa kwa jina lake. Mwaka 1995 zilikwenda kuiwakilisha Brazili katika Biennale ya Venice, na mwaka 2013 zilionyeshwa huko tena. Joho limesafiri nchi nyingi kuliko baharia wake. Leo huonyeshwa kwa umma, na hata bitana yake watu huiona na kuisoma.

Maonyesho ya kwanza ya kazi zake peke yake yalifunguliwa Rio, Parque Lage, Oktoba 1989, miezi mitatu baada ya mazishi. Watu walikuwa wengi. Waliingia moja kwa moja. Hapakuwa tena na mtu mlangoni wa kuwauliza wanaona rangi gani.